Shajara ya Mradi: Misafara ya Baiskeli Mwanza, Februari hadi Agosti 2025

Naandika shajara hii kwa ajili ya mtu wa Musoma, Bukoba, Geita au kokote ufukweni mwa Ziwa anayetaka kuwakusanya wenye baiskeli wa mtaani kwake. Yaliyokwenda sawa nitayapita haraka. Tuliyokosea nitayaeleza kwa kirefu pamoja na gharama zake, ili mwenzetu asilipe mara ya pili.

Jumapili, 9 Februari 2025: Kikao cha kwanza

Tumekutana watu 11, wengi wetu tunafanya kazi mjini na tunaishi Kirumba, Kitangiri na Pasiansi. Lengo ni moja: msafara wa baiskeli mara moja kwa mwezi, bila kiingilio na bila mashindano, kwa baiskeli ya aina yoyote. Mbio Kanda ya Ziwa inazo na inasifika nazo. Kinachokosekana ni siku ambayo mtu wa kawaida anapanda baiskeli yake pamoja na wenzake na jiji linamwona.

Tulisoma kidogo kuhusu waliotutangulia. Bogotá, Kolombia, barabara kubwa zilianza kufungwa kwa ajili ya baiskeli na watembea kwa miguu mwaka 1974. San Francisco walianza mwaka 1992 kukutana Ijumaa ya mwisho wa mwezi na kuzunguka mji kwa wingi. Jirani zetu wa Kigali wana siku ya barabara bila magari tangu 2016. Na Dar es Salaam kuna UWABA, Umoja wa Waendesha Baiskeli, ambao wamekuwa wakidai njia za baiskeli kwa miaka mingi. Tulijaza daftari zima kwa mambo ya huko, na hakuna hata mmoja wetu aliyekwenda Igoma au Mwaloni kumuuliza mtu aliyeshuka kwenye baiskeli. Kosa hilo limetugharimu kuliko mengine yote.

Mchango: watu 11 kwa Sh 30,000, jumla Sh 330,000.

Jumapili, 2 Machi 2025: Msafara wa kwanza

Tulitangaza saa 12 kamili asubuhi, viwanja vya Furahisha. Saa hiyo tuliichukua kwenye tangazo la msafara wa Dar es Salaam bila kufikiri. Mwanza iko mbali magharibi mwa Dar, na saa ya ukutani ni ile ile moja nchi nzima, kwa hiyo jua letu linachelewa. Mwanzoni mwa Machi huku linachomoza ikikaribia saa 1. Saa 12 tulikuwa gizani, baiskeli nyingi hazina taa, na mama mmoja aliyeletwa na mumewe aligeuza akarudi kulala. Alikuwa na haki. Tulisubiri hadi saa 1 na dakika 10, na kufikia hapo wengine walianza kuwahi kanisani.

Tulioondoka tulikuwa 14. Kati ya hao 11 ni sisi wenyewe.

Kosa la pili ni fulana. Tulichapisha 25 kwa Sh 9,000 kila moja, Sh 225,000, yaani zaidi ya theluthi mbili ya fedha yote. Tulichagua kijani tukiwaza mazingira, tukasahau kuwa ni rangi ya chama pia. Huu ni mwaka wa uchaguzi mkuu, na tulipopita Kirumba watu walituuliza ni msafara wa chama gani na mgombea yuko wapi. Kijana mmoja mwenye baiskeli alianza kutufuata, kisha mwenzake akamwita, "Achana nao, hao ni wa siasa," akarudi. Kijana yule aliyerudi ndiye hasa tuliyekuwa tunamtafuta tangu asubuhi.

Matumizi: fulana Sh 225,000, katoni nne za maji Sh 24,000, matangazo ya karatasi Sh 20,000, sanduku la huduma ya kwanza Sh 35,000. Jumla Sh 304,000. Zimebaki Sh 26,000.

Jumapili, 16 Machi 2025: Kwenda kuuliza

Wenzetu wawili wamejitoa. Tuliobaki tisa tumegawana: wengine Mwaloni, wengine Mabatini na Buzuruga, mimi na dada mmoja tukaenda Igoma, tukakaa kwenye benchi la fundi baiskeli tangu saa 2 hadi saa 6 mchana.

Ukikaa pale kwa saa nne unaona baiskeli nyingi kuliko utakazoziona mjini kwa wiki. Wanaoleta maziwa na mboga kutoka upande wa Kisesa, wenye mkaa, wenye kuku kwenye matenga, mafundi ujenzi wenye pima maji na koleo lililofungwa kwenye mtalimbo. Mzee mmoja alifika na baiskeli ya Phoenix ambayo anasema aliinunua kwa fedha ya pamba. Tulimwamkia shikamoo, akatujibu marahaba na kutuongezea "mwangaluka", salamu ya asubuhi ya Kisukuma, ingawa mchana ulishaingia. Nilipomweleza kuhusu msafara alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema:

"Mwanangu, mimi naendesha kilomita 30 kila siku. Jumapili unaniita nikaendeshe tena, nipate nini?"

Sikuwa na jibu. Nilimwomba anisaidie kulitafuta. Alifikiri, akaonyesha gurudumu la nyuma lililokuwa linacheza kama ungo. "Hii ingekuwa inatengenezwa, ningekuja."

Majibu ya wengine, kama tulivyoyaandika jioni ile:

Wengi walidhani ni mashindano ya wenye baiskeli za gia, na kwamba lazima ulipe. Wengine walisema asubuhi ya Jumapili ni ibada, na Jumamosi haifai kwa sababu Wasabato ni wengi huku. Fulana ya rangi ya chama hawaivai. Wanawake wa Mwaloni, ambao wanauza dagaa na kulipa bodaboda kila siku, walisema wangependa kuendesha lakini hawajui na wanaona haya kujifunza mbele ya vijana. Na karibu kila mtu alitaja jambo moja: baiskeli ipo, lakini ni mbovu.

Tumeamua kabla ya msafara mwingine wowote tuanze na siku ya matengenezo.

Jumapili, 6 Aprili 2025: Siku ya matengenezo, Igoma

Tumechanga tena, watu tisa kwa Sh 20,000. Ukijumlisha na salio tunazo Sh 206,000.

Hapa nataka anayetaka kuiga asome polepole, maana tulipoteza Sh 28,000 kwa kutosoma namba.

Nilikwenda dukani mjini nikanunua tairi sita za "inchi 28" kwa Sh 14,000 kila moja, kwa sababu baiskeli za keria zinaitwa ishirini na nane. Fundi wetu alizigusa tu akasema hazitaingia. Mimi na mwenzangu tukaona tumjaribishe, tukalazimisha mbili kwa spana mpaka waya wa pembeni ukajikunja na mpira ukachanika. Ndipo akatuonyesha kinachotakiwa kusomwa. Ubavuni mwa tairi kuna namba ndefu ya milimita, na mwisho wake ndio unaoeleza kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye rimu. Baiskeli zetu za zamani, zile nyeusi zenye breki za vyuma, zinatumia 635. Tairi nilizonunua zilikuwa 622, za baiskeli za kisasa. Zote zinaitwa 28. Tofauti ni milimita 13, na tairi dogo halivishwi kwenye rimu kubwa hata ukililaza juani siku nzima.

Hali ni hiyo hiyo kwa inchi 26. Za mtumba zenye tairi nene la milimani nyingi ni 559, na zile nyembamba za 26 kwa 1 3/8 ni 590. Usimwambie muuza duka inchi. Mwandikie namba ya mwisho kwenye karatasi, au bora zaidi mpelekee tairi kuukuu.

Muuza duka alizipokea nne zilizobaki bila neno, akatubadilishia kwa za 635. Mbili tulizoziharibu zimebaki zetu.

Pampu nayo ilitukwamisha. Tulinunua ya miguu ya Sh 15,000, kichwa chake kinakamata vali nene ya aina ya gari. Nusu ya baiskeli zilizokuja zilikuwa na vali ya zamani, ile yenye mpira mwembamba unaovishwa kwenye chuma cha ndani. Fundi alikuwa na kichwa kidogo cha shaba cha kuunganishia, akatuazima. Na tyubu nne kati ya zilizoletwa kama "pancha" hazikuwa na pancha kabisa: ule mpira mwembamba ulikuwa umeoza. Kipande kipya cha mpira kinafanya kazi ya tyubu ya Sh 5,000. Tangu siku hiyo, kabla ya kufungua au kutupa chochote, tunatemea mate mdomo wa vali na kuangalia kama povu linatoka.

Kuhusu viraka: vijana wetu walikuwa wanapaka solusheni na kubandika papo hapo, na nusu saa baadaye upepo unatoka. Piga msasa mpaka mpira upoteze mng'ao, paka solusheni nyembamba, subiri ikauke mpaka kidole hakinati, ndipo ubandike na kukandamiza. Papasa tairi kwa ndani kabla ya kurudisha tyubu. Mwiba unabaki humo, nao hautoboi mara moja tu.

Tulitengeneza baiskeli 19. Mzee wa Phoenix alikuja. Gololi za gurudumu la nyuma zilikuwa zimesagika, tukabadilisha na kupaka grisi, akaizungusha hewani, akaitazama inavyozunguka bila sauti. "Wabeja," alisema, yaani asante kwa Kisukuma, na akauliza msafara ni lini.

Matumizi: tairi Sh 84,000, tyubu 10 Sh 50,000, pampu Sh 15,000, solusheni na viraka Sh 8,000, grisi Sh 5,000, posho ya fundi Sh 20,000. Jumla Sh 182,000. Salio Sh 24,000.

Jumapili, 27 Aprili 2025

Mvua tangu alfajiri mpaka jioni. Tumeahirisha. Masika huku si msimu wa kupanga chochote cha nje bila tarehe ya akiba. Anza Juni ukiweza.

Jumapili, 18 Mei 2025: Msafara wa pili, Furahisha hadi Capri Point

Tumehamia saa 10 jioni. Ibada zimekwisha, watu wamekula na kupumzika, na mwanga upo mpaka karibu saa 1 usiku. Faida ya kuwa magharibi ni hii: asubuhi yetu inachelewa, lakini jioni yetu ni ndefu. Waliofika ni 23, na 13 kati yao ni watu tuliowatengenezea baiskeli Igoma. Hatukuvaa fulana. Kila mmoja alifunga kitambaa cheupe kwenye usukani.

Makosa yalikuwa matatu.

La kwanza ni barua. Sheria inataka mwenye kuandaa msafara atoe taarifa ya maandishi polisi saa 48 kabla. Tulipeleka barua siku tatu kabla, tena mapema, lakini tuliipeleka wilaya ya Ilemela pekee. Furahisha ni Ilemela, ila ukifuata barabara ya Makongoro ukaingia mjini umeshavuka mpaka na kuingia wilaya ya Nyamagana, na Capri Point iko Nyamagana. Trafiki alitusimamisha mjini akauliza barua yake iko wapi. Alituelewa, akatuacha tupite kwa mstari mmoja, lakini tulisimama juani dakika 35 na watu wanne walikata tamaa wakarudi. Anayepanga njia Mwanza achore kwanza mpaka wa wilaya kwenye karatasi, kisha ahesabu barua.

La pili ni kuziba makutano. Vijana wawili waliona kwenye video za nje namna waendesha baiskeli wanavyosimama mbele ya magari ili kundi lipite, wakafanya hivyo. Dereva wa bodaboda alikuwa amembeba mgonjwa. Hakutupiga wala hakututukana, alisema tu, "Ndugu zangu, nina mgonjwa," na sura ya yule mama aliyekuwa nyuma yake sijaisahau. Hatuzibi tena. Taa au trafiki vikitukata, waliotangulia wanasogea pembeni kushoto na kusubiri.

La tatu, kundi lilikatika. Wenye gia walitangulia, wenye keria wakabaki, na katikati pakawa na nafasi ambayo daladala iliingia kukimbilia kituo. Mvulana wa miaka 16 alifunga breki ghafla akaanguka. Alichubuka kiwiko na goti. Tulifungua sanduku la huduma ya kwanza la Sh 35,000 tukakuta plasta ndogo za kidole na dawa za maumivu, hakuna bandeji pana wala maji safi ya kuoshea kidonda. Duka la dawa la jirani lilituokoa kwa Sh 4,500. Nilimrudisha kwao mwenyewe na kuzungumza na mama yake. Alitaka kujua nani alikuwa anamwangalia mwanawe. Lilikuwa swali la haki, nami nilipaswa kuwa na jibu lake kabla hatujaondoka.

Utaratibu tuliouweka baada ya hapo, na ambao haujabadilika: mbele kabisa anakaa mwenye baiskeli nzito kuliko wote, si mwepesi. Mzee wa Phoenix ndiye kichwa chetu sasa, na hakuna anayeruhusiwa kumpita. Mwendo wake kwenye tambarare ni kama kilomita 12 kwa saa, na mtoto anaumudu. Mkiani anakaa fundi na pampu kwenye keria. Kila watu wanane wana mmoja wao mwenye filimbi, na jina la mwenye filimbi linajulikana na wazazi. Tukikaribia kituo cha daladala filimbi inapigwa mara mbili na wote wanapanga mstari mmoja.

Matumizi: bodaboda ya kubeba maji na vifaa Sh 10,000, duka la dawa Sh 4,500. Salio Sh 9,500.

Jumapili, 1 Juni 2025: Kufundisha kina mama

Tarehe 3 Juni ni Siku ya Baiskeli Duniani, iliyotangazwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2018. Mwaka huu imeangukia Jumanne, kwa hiyo tumeifanya Jumapili iliyotangulia. Badala ya msafara tumefundisha.

Kwanza tulijaribu Jumamosi ya 24 Mei saa 10 jioni, na tuliharibu. Kiwanja kilikuwa na wachezaji wa mpira na watazamaji wao. Walikuja kina mama sita. Kila aliyeyumba alipigiwa kelele, na kufikia saa 11 walibaki wawili. Juni mosi tukaita saa 1 asubuhi, kina mama wasiokwenda ibada ya kwanza, kiwanja kitupu, na walimu wote ni wanawake: dada wawili wa kundi letu na mama mmoja wa Buzuruga anayeendesha tangu utoto. Sisi wanaume tulikaa mbali na spana zetu. Walikuja 17.

Njia tuliyotumia inashangaza kwa urahisi wake. Usimshike mtu nyuma ya kiti ukakimbia naye. Ng'oa pedali zote mbili, shusha kiti mpaka nyayo zote zikanyage chini, mwache ajisukume kwa miguu kama mtoto kwenye kibao. Ndani ya nusu saa anaanza kuinua miguu na kuteleza. Hapo ameshajua kusimamisha baiskeli, ambalo ndilo jambo gumu. Kisha mrudishie pedali. Kumi na mmoja kati ya 17 waliondoka wakiendesha.

Kuhusu kung'oa pedali: ya kulia inafunguka kama nati nyingine yoyote. Ya kushoto ina uzi wa kinyume. Inafunguka kwa kuzungusha upande ule ambao mishale ya saa inakwenda. Sikulijua hilo. Niliikaza nikidhani naifungua, nikaongeza bomba kwenye spana kupata nguvu, nikaua uzi wa mkono wa pedali wa baiskeli ya dada yetu. Mkono mpya Sh 7,000, nimeulipa mimi.

Kitenge na khanga si kikwazo. Kata kipande cha tyubu kuukuu chenye upana wa vidole vitatu, kivalishe mguuni juu ya nguo upande wa mnyororo. Wenye mabuibui walifanya vivyo hivyo na hakuna nguo iliyokamatwa.

Muuza dagaa mmoja wa Mwaloni, anaishi Kitangiri, alianguka mara tano. Mara ya sita alivuka kiwanja chote mpaka ukutani, na kwa kuwa hajafundishwa breki akashuka kwa kuukumbatia ukuta. Alirudi anatembea na baiskeli huku analia na kucheka pamoja. Alisema analipa Sh 2,000 kila siku kwenda na kurudi. Tulipiga hesabu pamoja kwenye vumbi: siku 26 za mwezi ni Sh 52,000. Tangu siku hiyo breki tunazifundisha kabla ya pedali.

Jumapili, 22 Juni 2025: Bujora

Wiki hii limefunguliwa Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, na kila mtu alitaka twende huko. Kilomita tatu juu ya maji, na mimi nalitamani. Lakini barabara ya kwenda huko ina malori, na kundi letu bado changa. Tumesema mwakani. Badala yake tumekwenda Bujora, karibu na Kisesa, karibu kilomita 20 kutoka mjini, kwenye Makumbusho ya Wasukuma, maana huu ndio msimu wa Bulabo, sikukuu ambapo makundi mawili ya Kisukuma, Bagika na Bagalu, yanashindana kwa ngoma.

Barua safari hii zilikuwa tatu: Ilemela, Nyamagana na Magu. Hatukusimamishwa popote.

Tuliondoka vikundi viwili, wenye nguvu 26 kutoka Furahisha, na wengine 12 wakatusubiri Igoma ili wao waende nusu ya njia. Hilo lilifanya kazi vizuri sana na nalipendekeza kwa safari yoyote inayozidi kilomita 15. Pancha mbili, zote zilizibwa na fundi njiani chini ya dakika 20.

Kosa lilikuwa la kurudi. Tulipanga kuondoka saa 9 na nusu alasiri. Ngoma zilikuwa zimenoga, wazee wetu wa kundi wenyewe wameingia uwanjani, na sikuwa na moyo wa kuwatoa. Tukaondoka jua limeshaelekea kuzama. Jua lilituzamia kabla ya kufika Igoma, baiskeli tisa hazikuwa na taa wala kiakisi mwanga. Tulisimama, tukakodi gari dogo la mizigo likabeba baiskeli hizo na wenyewe kwa Sh 60,000. Fedha hiyo haikuwepo. Nilikopa kwa ndugu yangu kwa simu, nimesimama kando ya barabara huku malori yanapita na watu 38 wananitazama.

Sasa saa ya kurudi inasimamiwa na mtu mmoja ambaye hana kazi nyingine, na akipiga filimbi hata mimi naondoka. Tumenunua pia karatasi ya kuakisi mwanga, mita mbili kwa Sh 12,000. Ukiikata vipande vya kidole inatosha baiskeli zaidi ya 30, mbele, nyuma na kwenye spoki.

Jumapili, 20 Julai 2025: Furahisha hadi uwanja wa ndege

Watu 41, wanawake tisa. Njia yote iko Ilemela, kwa hiyo barua moja. Kiangazi, vumbi kiasi, na upepo wa ziwa unaovuma mchana ulituelemea tukiwa tunakwenda. Hilo ni jema: uchovu wote uwe wakati wa kwenda, na kurudi upepo ukusukume. Ukipanga kinyume, wageni wanaishiwa nguvu wakiwa mbali na kwao.

Muuza dagaa wa Kitangiri alikuwepo, na baiskeli ya mtumba aliyoinunua kwa Sh 130,000. Aliendesha nyuma tu ya mzee wa Phoenix kwenda na kurudi. Pale Pasiansi kina mama waliokuwa wanauza matunda walisimama wakampigia vigelegele, wengine wakimwita kwa jina. Wawili wameniuliza siku ya mafunzo.

Hakuna aliyeanguka, wala kundi halikukatika.

Jumapili, 10 Agosti 2025: Hesabu

Fulana za kijani 21 bado ziko kwenye boksi nyumbani kwangu. Fundi amechukua mbili kufanya tambara za grisi, na naona hayo ni matumizi mazuri.

Deni la Sh 60,000 limelipwa kwa bakuli: tangu Julai tunapitisha bakuli mwisho wa msafara, kila mtu anatoa anachotaka kwa kukunja kiganja, asiyenacho haulizwi. Julai limekusanya Sh 47,300. Siku ya matengenezo ya Agosti tarehe 3 limekusanya Sh 38,000. Jumla Sh 85,300. Toa deni, toa karatasi ya kuakisi Sh 12,000, zinabaki Sh 13,300, na ukiongeza salio la Mei tunazo Sh 22,800 mkononi. Gharama ya kuendesha msafara mmoja sasa haifiki Sh 20,000: posho ya fundi, viraka, solusheni, bandeji.

Kampeni za uchaguzi zinaanza tarehe 28 mwezi huu, na misafara ya kila rangi itajaa barabarani. Tumekubaliana kusimamisha msafara mpaka uchaguzi upite. Matengenezo ya Igoma yataendelea kila Jumapili ya kwanza ya mwezi, saa 9 alasiri, kwenye benchi lile lile, na mafunzo ya kina mama Jumapili ya tatu saa 1 asubuhi.

Vinavyohitajika kabla ya Novemba: tairi nne zenye namba 635, pedali jozi mbili, kichwa cha shaba cha pampu ambacho ni chetu, maana kile cha fundi tumekiazima tangu Aprili, na kengele ya Phoenix ya mzee. Ile yake imekufa Jumapili iliyopita, na anasema kichwa cha msafara hakiwezi kwenda kimya.